Kuku Arobaini na Nane wa Mtakatifu Philomena

Jumapili tarehe 12 Novemba 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mvua ilianza kupiga bati la kanisa la Kigango cha Mwakisalu, kilomita tisa kutoka Bugarama, na mzee Nkwabi akaingia ndani pamoja na baiskeli yake.

Hakuwa amewahi kuingia. Kila Jumapili alimpakia mkewe, Philomena, akamfikisha mpaka mlangoni, akageuza baiskeli, akaketi juu ya tofali upande wenye kivuli na kungoja ibada iishe. Waumini walikwisha kumzoea kama wanavyozoea nguzo. Siku hiyo tofali lilitota maji, naye akasimama nyuma ya benchi la mwisho, ameshika usukani, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia.

Telesphori, katekista wa kigango, alikuwa mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mwalimu mstaafu wa hisabati, na alikuwa na tabia ya kutazama saa kila jambo linapotokea. Kwa hiyo alikumbuka baadaye kwamba ilikuwa saa nne na dakika tano, wakati wa Komunyo, mzee alipoegemeza baiskeli ukutani na kuanza kutembea mbele.

Padri Festo alikuja Mwakisalu Jumapili ya pili ya kila mwezi, na siku ya padri watu walikuwa wengi. Mabenchi yaliinuka moja baada ya jingine. Kwenye benchi la nne upande wa wanawake walibaki watoto sita ambao hawakuwa wamefikia Komunyo ya kwanza, na katikati yao Philomena, mikono mapajani, amenyooka.

Nkwabi alimwinamia. Kwa sababu ya kelele za bati alilazimika kupaza sauti, na mvua, kama iliyokuwa ikimvizia, ikakatika kabla hajamaliza.

"MAMA MAGENI, MBONA UMEBAKI NA WATOTO?"

Kanisa zima lilisikia. Kwaya ilipoteza mstari.

"Kaa chini, Baba Mageni," alisema Philomena bila kugeuza kichwa. "Nitakueleza nyumbani."

"Umegombana na padri?"

"Kaa."

Akakaa. Mtoto mmoja akamsogezea nafasi.

Kesho yake, saa moja asubuhi, Nkwabi alikuwa uani kwa Telesphori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuuliza jambo, nawe unijibu kama ulivyokuwa ukifundisha hesabu. Mke wangu nimemuuliza, ameniambia kanuni za Kanisa ni ndefu na ugali unapoa."

Telesphori alimjibu kama alivyoombwa. Philomena alibatizwa akiwa mtoto mchanga kule Ushirombo. Mwaka 1975 aliolewa na Nkwabi kwa ng'ombe na kwa ngoma, bila ndoa ya kanisa. Mkristo anayeishi hivyo haruhusiwi kupokea Komunyo. Kwa hiyo Philomena hakuwa amepokea tangu mwaka huo. Maparoko wawili waliotangulia walitaka kuwafungisha ndoa kwa kibali, hata bila Nkwabi kubatizwa. Barua zilikuwemo kwenye faili. Philomena mwenyewe ndiye aliyewakatalia. Aliwaambia, na mmoja wao aliandika maneno yenyewe: Mwanamume huyu hasukumwi. Ukimsukuma, anakaa.

Nkwabi alihesabu kwa vidole.

"Miaka arobaini na nane," alisema. "Nimemleta kwenye karamu kila Jumapili, kumbe anakaa kutazama wenzake wakila."

"Ndiyo."

"Na mimi nje, nimejikalia kivulini."

"Ndiyo, mzee."

"Mwalimu, wewe huna hata neno la kunipunguzia?"

"Uliniambia nijibu kama hesabu."

Mzee alicheka kidogo, cheko la kukohoa. Kisha akauliza njia ni ipi. Telesphori alimweleza juu ya kile kibali. Nkwabi akakikataa: mlango ukiwepo, alisema, yeye hapiti dirishani. Abatizwe, kisha afunge ndoa, mke wake apokee. Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Kwa kawaida wakatekumeni, watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, walifundishwa miaka miwili, lakini Padri Festo alipoambiwa umri wa mzee, ambao kwa kukadiria ulikuwa sabini na tano, alisema apimwe kwanza anajua nini.

Alipimwa. Ilionekana anajua Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, matendo yote ya rozari na litania ya Bikira Maria toka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameyasikia kila jioni kutoka upande wa pili wa jiko. Tatizo moja tu: aliyasema kwa sauti ya mke wake, na pale ambapo Philomena huwa anasimama kukoleza moto, naye alisimama.

Padri Festo alikubali Pasaka ileile, kwa sharti kwamba mafundisho yakamilike na jina la ubatizo liandikwe kabla ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 18 Februari, siku ambayo majina ya watakaobatizwa huingizwa kitabuni. Asiyekuwa na jina siku hiyo angesubiri mwaka mwingine.

Jina ndilo lililoleta kazi.

Wakatekumeni walikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri. Walikuwa wachimbaji vijana wanne, Nkwabi, na Elieth, binti wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akiuza nyanya kwenye machimbo madogo na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha. Tangu Majilio yaanze, Telesphori aliwasomea kutoka kalenda ya jimbo watakatifu wa juma lililofuata, kila mtu ajichagulie somo, yaani yule mtakatifu ambaye angebeba jina lake na kuiadhimisha siku yake.

Wachimbaji walimaliza kazi mapema. Wawili walichukua Yosefu, mmoja Petro, mmoja Antoni, kwa kuwa Antoni wa Padua hutafuta vilivyopotea, na yeye alikuwa amepoteza mwamba wa dhahabu mara mbili kwenye duara moja, shimo lilelile la machimbo. Elieth alichukua Agatha. Nkwabi aliuliza maswali.

"Huyu Nikolasi alifanya kazi gani?"

"Askofu."

"Kabla ya uaskofu?"

"Wazazi wake walikuwa matajiri."

"Endelea."

Ambrosi alikuwa gavana. Mzee akasema magavana amekwisha kuwaona. Stefano alipigwa mawe. Mzee akasema mawe yamempiga vya kutosha ndani ya mashimo kwa miaka ishirini, hayahitaji tena kwenye jina. Silvesta alikuwa Papa. Antoni Abate alikaa jangwani peke yake miaka mingi, na hapo Nkwabi akatingisha kichwa kwa huruma: "Hakuwa na mke wa kumkoromea?"

"Babu, chukua Sebastiani," alisema Elieth. "Alichomwa mishale. Ukitembea watu watakupisha."

"Wewe mtoto utapata mume kiziwi."

"Nitashukuru, babu. Nitasema peke yangu."

Jumamosi tarehe 13 Januari, Nkwabi alivua kofia na kueleza haja yake.

"Nyinyi mnachagua mtakatifu. Mimi nachagua siku. Mke wangu alizaliwa tarehe kumi na moja Agosti, mapadri wa Ushirombo wakamwita Philomena kwa kuwa ndiyo siku ya Philomena. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu aliniambia, leo ni siku ya somo wangu. Nikachinja kuku. Mwaka uliofuata nikachinja. Sijawahi kuruka, hata ule mwaka wa njaa. Nilichinja kuku wa jirani nikaja nikamlipa kuku. Wamefika arobaini na nane. Sasa na mimi nataka somo wa siku hiyohiyo, mwanamume, aliyefanya kazi kwa mikono. Kuku awe mmoja, masomo wawili."

"Ubahili huo, babu!" alisema Elieth.

"Utaratibu," alijibu Nkwabi. Kisha akamgeukia Telesphori. "Mwalimu, nionyeshe jina la mke wangu kwenye hiyo kalenda. Kusoma kwangu ni kwa mguu mmoja, lakini jina lake nalijua lilivyo."

Telesphori alishika kalenda, hakuifungua mara moja. Alijua kilichomo. Alijua pia kwamba siku thelathini na sita zilibaki kabla ya majina kuandikwa, na kwamba mzee huyu akisukumwa hukaa. Angeweza kusema ukurasa umechanika. Aliona wazi faida ya kusema hivyo, akaifungua kalenda kwenye mwezi wa Agosti na kuiweka juu ya benchi.

Nkwabi alipeleka kidole kwenye namba kumi na moja, kisha kulia kwake.

"Hii ni K."

"Ndiyo. Klara, bikira."

"Philomena yuko wapi?"

"Hayumo."

"Wamemsahau?"

"Hawakumsahau, mzee. Walimtoa. Mwaka 1961 Roma iliagiza siku yake iondolewe kwenye kalenda zote. Waliona kwamba habari za maisha yake hazikuwa na ushahidi wa kutosha: kaburi lilikuwepo, mifupa ilikuwepo, maandishi yalikuwepo juu ya vigae, lakini nani hasa alikuwa ndani, hakuna aliyeweza kuthibitisha. Hawakukataza jina. Mke wako anabaki Philomena, na ubatizo wake ni halali kabisa. Lakini tarehe kumi na moja Agosti si siku ya Philomena tena."

"Tangu mwaka 1961."

"Ndiyo."

"Mimi nimeanza kuchinja mwaka 1976."

Telesphori aliona afadhali aongeze jambo jingine, kwa kuwa lilikuwa kweli na lilihusika. "Hata wangu aliondolewa. Papa Telesphori alikuwa na siku yake tarehe tano Januari. Mwaka 1969 kalenda ya Kanisa zima ilipopunguzwa, naye akapunguzwa."

Nkwabi alimtazama juu mpaka chini. "Sasa wewe ni nani?"

"Bado ni Telesphori."

Mzee alivaa kofia. Alisema kwa utulivu kwamba duka linaloondoa bidhaa yake ukutani bila kumwambia mnunuzi si duka la kuingia kwa haraka. Akachukua baiskeli. Jumamosi ya tarehe 20 hakuja, wala ya tarehe 27. Jumapili alimleta Philomena kama kawaida, akaketi juu ya tofali.

Telesphori hakujuta kusema ukweli, lakini hakulala vizuri pia, na alipoulizwa na Padri Festo kwa simu, alitoa taarifa yote kama ilivyokuwa. Padri akasema, "Ungeweza kuanza na ya Telesphori, halafu ya Philomena."

"Nilifuata swali lilivyoulizwa, Baba."

"Najua," alisema Padri Festo. "Ndiyo shida yako."

Jumanne tarehe 30 Januari, saa kumi jioni, Philomena alifika nyumbani kwa katekista kwa miguu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na saba, mwembamba, mwenye sauti ya kutoa maagizo. Alikataa kiti, kisha akakikubali.

"Mwalimu, mume wangu hali vizuri. Anasema umemwambia somo wangu amefutwa."

"Ameondolewa kwenye kalenda, Mama Mageni. Si kufutwa."

"Mimi najua."

Telesphori alidhani hakusikia sawasawa. "Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka sabini na tisa. Nilikwenda Ushirombo kumbatiza Mageni, sista mmoja akaniambia: binti, Philomena wako hayumo tena, mchukue Klara, siku ni ileile. Nikamwambia ahsante."

"Na mume wako hukumwambia?"

Philomena alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeshindwa mbili jumlisha mbili.

"Ningemwambia, ningekosa kuku."

Telesphori hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alicheka mpaka akavua miwani. Philomena alingoja amalize, lakini pembe za mdomo wake mwenyewe zilikuwa zimeanza kulegea.

"Sikiliza, mwalimu. Mwanamume ambaye si Mkristo, hajui hata Noeli ni lini, anaamka siku moja kwa mwaka anachinja kwa sababu ya jina langu. Ningesimama nimwambie Roma wamesema hapana? Roma wana kuku?"

"Hilo inabidi umwambie yeye."

"Ndilo nimekuja kukuuliza. Nikimwambia leo nilikuwa najua, atakasirika?"

Telesphori alilifikiria swali kwa haki. "Sijui," alisema. "Lakini sasa anadhani Kanisa lilimdanganya. Ukimwambia, atajua aliyemdanganya ni wewe. Nadhani kwako atakuwa mwepesi zaidi."

Jumamosi tarehe 3 Februari, dakika kumi kabla ya saa tisa, Nkwabi alikuwa wa kwanza kufika. Safari hii Philomena alikuwa naye, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kanga mpya.

"Mwalimu, huyu mwanamke amekula kuku wangu arobaini na watano akijua hawana mwenyewe!"

"Arobaini na watano?"

"Watatu wa kwanza alikula bila kujua. Hao namsamehe."

"Sikula bure," alisema Philomena. "Kila kuku nilimwombea aliyemchinja. Unafikiri ni nani alikutoa kwenye lile duara lililofukia wenzako?"

"Wenzangu nao walitoka."

"Basi niliwaombea na wao."

"Umeona?" Nkwabi alimwambia Telesphori, na uso wake wote ulikuwa umefunguka. "Ukimkamata hapa, anatokea pale. Nimeishi na fisadi miaka arobaini na nane. Sasa nibatize, mwalimu, maana peke yangu simuwezi."

Sharti lake, hata hivyo, hakulipunguza. Siku ilikuwa ileile. Kuku hawaondolewi na Roma, alisema. Siku hiyo imekwisha kuzoea kuku. Mwanamume, wa tarehe kumi na moja Agosti, mwenye mikono.

Jumamosi ya tarehe 10 ilifika bila jina. Kwenye kalenda alikuwepo Klara peke yake. Elieth alishauri mzee aitwe Klaro. Kisha akashauri kitu bora zaidi:

"Babu, Jumatano ni tarehe kumi na nne, siku ya Valentino. Chukua Valentino! Utamnunulia bibi maua."

"Jumatano ni Majivu," alisema Telesphori. "Ni siku ya kufunga."

"Basi atamnunulia majivu."

"Elieth," alisema Nkwabi, "huyo kiziwi namwonea huruma."

Jumatano ya Majivu, tarehe 14 Februari, Telesphori alikwenda parokiani kwa bodaboda kuchukua majivu ya kigango chake. Zilibaki siku nne. Baada ya Misa ya asubuhi alimweleza Padri Festo kwamba kalenda imekwisha na mzee hajasogea.

"Kalenda ni muhtasari," alisema Padri Festo. "Ni kama unavyoandika majina ya wanafunzi watano bora ubaoni. Darasa lina watu tisini." Akatoa kabatini kitabu kinene cha Kilatini, Martirologio, orodha kamili ya watakatifu wa kila siku ya mwaka. Kilikuwa na vumbi, naye alikipangusa kwa mkono wa kanzu. Walitafuta pamoja. Tarehe kumi na moja Agosti ilijaa nusu ukurasa.

Telesphori aliomba kwanza kuona kama Philomena yumo. Hakuwemo. Alijitafuta na yeye: Papa Telesphori alikuwemo, tarehe mbili Januari. Padri Festo alimwona akirekebisha kola ya shati.

Kisha padri akaweka kidole juu ya mstari mmoja, akasoma kimyakimya, akasoma tena.

"Mzee wako anafanya kazi gani siku hizi?"

"Aliacha machimbo zamani. Anachoma mkaa. Ana kibali."

Padri Festo aligeuza kitabu upande wa Telesphori, ingawa Telesphori hakujua Kilatini. "Aleksanda," alisema, "askofu wa Komana. Jina la utani, Mchoma Mkaa."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Telesphori aliuliza kama kuna kosa. Padri alisema hakuna. Habari zake ziliandikwa kale, na akamsimulia. Watu wa mji wa Komana walitaka askofu. Walipendekeza wenye ukoo, wenye mali, wenye kusema vizuri. Mgeni aliyeitwa kuwasaidia kuchagua akawaambia wasiwasahau watu wadogo. Mmoja akadhihaki: basi tumchukue Aleksanda mchoma mkaa! Wakacheka. Mgeni akasema, mleteni. Akaletwa alivyo, uso mweusi wa masizi, nguo zimechanika. Akaulizwa maswali, na majibu yake yakawanyamazisha. Wakampa uaskofu, naye akauongoza vizuri mpaka alipouawa kwa ajili ya imani.

"Aliuawaje?" aliuliza Telesphori. Alijua swali hilo lingeulizwa.

"Kwa moto."

Telesphori alirudi na kifurushi cha majivu kifuani. Alimkuta Nkwabi kwenye tanuri la mkaa, mita mia nne nyuma ya nyumba, akifunua udongo kwa koleo. Moshi mwembamba ulitoka ubavuni. Mzee alikuwa amevaa kaptula na masizi.

Telesphori alimsimulia wima, bila kuongeza. Alipofika pale watu walipocheka, Nkwabi aliacha kufukua. Alipofika kwenye uso mweusi, mzee alijipangusa paji la uso, akazidi kuuchafua.

"Alichoma mkaa wa mti gani?"

"Haikuandikwa."

"Tarehe?"

"Kumi na moja Agosti."

"Isije ikawa Roma wamemtoa na huyu."

"Nimemwona kitabuni leo, kwa macho yangu. Toleo la sasa."

"Alikufaje?"

"Kwa moto, mzee."

Nkwabi aliutazama moshi wa tanuri lake. "Mchoma mkaa hafi kwa maji," alisema. Kisha akapaza sauti kuelekea nyumbani, kwa nguvu zile zile za mwezi wa Novemba: "Mama Mageni! Mama Mageni we! Njoo! Wamemwona!"

Philomena alikuja na mwiko mkononi. Alisikiliza habari yote, akauliza mara mbili kuhusu tarehe, kisha akamtazama mumewe.

"Askofu?" alisema. "Wewe?"

"Alianza na mkaa."

"Wewe umeishia na mkaa." Lakini tayari alikuwa akipiga kigelegele, na jirani aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa korongo akakipokea bila kujua ni cha nini.

Saa kumi alasiri walikwenda kanisani kupakwa majivu. Philomena alitaka mume wake anawe kwanza. Telesphori, aliyeshika bakuli, alisema si lazima, ila tafadhali anawe paji la uso, la sivyo haitajulikana yapi ni ya Kanisa.

Tarehe 18 Februari, jina la Aleksanda Nkwabi liliingizwa kitabuni. Aliliandika mwenyewe. Penye KS aliweka X, herufi iliyomchukua muda, kwa kuwa kwa maoni yake mwandishi aliyeandika KS aliogopa kazi, na Telesphori alimruhusu.

Siku ya ndoa ilizua mjadala mdogo. Somo wa Kigango cha Mwakisalu ni Bikira Maria Kupashwa Habari, na kila mwaka tarehe 25 Machi Padri Festo hushinda hapo. Nkwabi alitaka siku hiyo. Telesphori alimweleza kwamba mwaka huo tarehe 25 Machi ilikuwa Jumatatu ya Juma Kuu, kwa hiyo sikukuu ilisogezwa hadi Jumatatu tarehe 8 Aprili.

"Malaika Gabrieli naye huahirishwa?"

"Mwaka huu, ndiyo."

"Basi sina la kulalamika."

Alibatizwa katika Mkesha wa Pasaka, tarehe 30 Machi, parokiani, pamoja na Elieth, wachimbaji wanne na watu wengine thelathini na mmoja. Wote walipokwenda kupokea Komunyo ya kwanza, yeye hakwenda. Padri Festo alikuwa amekwisha kumwelekeza kwamba Komunyo yake ingoje ndoa. Alibaki kwenye benchi na Philomena, mtoto wa mtu amelala katikati yao.

Jumatatu tarehe 8 Aprili mvua haikunyesha. Watu walijaa mpaka nje, wengine juu ya lile tofali kwa zamu. Mageni alikuja kutoka Ushetu na watoto wake. Philomena alivaa gauni la kitenge cha bluu. Nkwabi alivaa koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia kwenye vifundo vya vidole. Asubuhi hiyo, kabla ya Misa, Philomena aliungama. Kwa saa ya Telesphori alitumia dakika kumi na tisa, na Elieth alisema nje kwamba hao ni kuku watupu.

Kwenye viapo, Nkwabi alipoulizwa kama amekuja kwa hiari yake bila kulazimishwa, alijibu, "Kwa baiskeli," kisha akasahihishwa, akasema ndiyo. Philomena alisema ndiyo kabla swali halijaisha.

Wakati wa Komunyo, kwa desturi maharusi hupokea kwanza. Padri Festo alishuka ngazi na kumwelekea Nkwabi, aliyekuwa upande wa karibu. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga Telesphori aliyeshika sahani.

"Yeye kwanza, Baba," alisema. "Amepanga foleni tangu mwaka sabini na tano."

Padri Festo alisogea. Kwaya ilikuwa bado haijaanza.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," alisema Philomena, kwa sauti yake ya kutoa maagizo, na waliokuwa nje wakasikia.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi na mbili. Alipokea. Alisimama pale alipo, macho yamefumbwa, foleni yote nyuma yake imesimama, na hakuna aliyemsogeza. Kisha Aleksanda Nkwabi akavuta mikono ya koti juu, akaweka kiganja cha kushoto juu ya cha kulia kama alivyofundishwa, akapokea naye.